Alitumika Miezi Minane

Kwa miaka saba Milcah alifanya kazi yake jikoni, mlango umefungwa, shali ya sufu mabegani, simu ya mezani mbele yake na daftari la mistari pembeni. Kazi yenyewe ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Ofisi fulani kaskazini, kule ambako theluji hukaa mpaka mwezi wa tano, ilimpigia wakala, wakala akampigia yeye nyumbani kwake Farsta, mtaa wa Stockholm, na kwa saa moja au mbili akawa mdomo wa mtu asiyemwona. Mara nyingi jina la mtu huyo hakuambiwa. Akimaliza aliondoa simu sikioni, akachana ukurasa aliouandika, akauchanachana tena vipande vidogo, kisha akaweka maji ya chai. Alikuwa amekula kiapo kwamba alichokisikia hakitatoka jikoni humo, na kwa kweli alikuwa akikisahau kabla maji hayajachemka.

Alikuja Stockholm mwaka 1999 kumfuata mumewe Owen, aliyekuwa akisomea uhandisi na ambaye baadaye alipata kazi Södertälje, kwenye kiwanda cha malori. Kwao Kitale, Milcah alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya wasichana. Hapa alisafisha ngazi za maghorofa miaka miwili, akajifunza Kiswidi kwenye redio aliyoifunga kiunoni huku akisukuma ufagio, akasomea ukalimani jioni. Siku alipopewa namba yake ya ukalimani, tarakimu nne, alilia. Haikuwa kwa sababu ya ajira. Nchi hii ilikuwa imemvua vitu vingi, na sasa ilimrudishia kimoja: Kiswahili chake, kile safi, chenye viambishi vilivyokaa mahali pake.

Alikipenda kupita kiasi. Jumapili, kanisani, katika ukumbi walioukodi karibu na kituo cha treni, Wakenya na Watanzania walikaa na Wakongo, na baada ya ibada wote walikunywa kahawa pamoja. Hapo ndipo Milcah, Mama Rita kwa wote pale, alipofundisha bila kuombwa.

"Papa Melchior, siku hizi uko wapi?" angemuuliza shemasi wa Kikongo, mtu mrefu mwenye koti la kijivu.

"Mi natumika ku hospitali, Mama Rita. Ku jikoni."

"Unatumika! Nani anakutumia, sufuria? Kinachotumika ni chombo, Papa. Mtu hufanya kazi."

Watu walicheka, na Melchior alicheka kuliko wote. "Kiswahili yako ya redio itakuua siku moja," alisema. "Sisi tunasema kutumika toka tuzaliwe, na kazi inafanyika."

Ulikuwa utani wa kila wiki. Alilijua neno lile, basi. Alikuwa amelisikia mara mia na kulisahihisha mara mia.

Mwaka 2010, kiangazi, alihamia mtaa wa jirani wa Rågsved mwanamke aliyeitwa Xavérine, pamoja na binti yake Aurore wa miaka kumi na mmoja. Walikuwa wametoka mji mdogo wa kaskazini ambako serikali iliwapeleka moja kwa moja kutoka kambini. Kanisani alikaa viti vya nyuma upande wa kushoto, akaimba kwa sauti ya chini, akaondoka bila kunywa kahawa. Watu walijua tu kwamba mumewe yuko Bujumbura na kwamba karatasi zake zilikataliwa.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja. Mwenyekiti wa kanisa, Gitau, dereva wa basi, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi, alisimama kutoa matangazo. Wenye ukumbi walikuwa wamelalamika juu ya viti.

"Kuanzia wiki ijayo," alisema, "kila nyumba itoe mtu mmoja. Mwanamume, tafadhali, maana viti ni vizito. Nitasoma majina hapa mbele, na kila mmoja aitike." Akatabasamu, akamalizia kwa Kiingereza kwamba ni lazima, hakuna udhuru. Upande wa kulia watu walicheka.

Upande wa kushoto, waliko Wakongo, hakuna aliyecheka. Milcah aligeuka kutazama. Wanaume wa Kikongo walikuwa wameinamisha vichwa kama watu wanaotafuta kitu sakafuni. Xavérine alisimama. Alimshika Aurore mkono, akapita kati ya viti, na mlangoni akageuka.

"Kila nyumba?" aliuliza. "Tena?"

Akatoka. Melchior akamfuata. Baada yake wakatoka wengine, familia baada ya familia, bila kelele, wakifunga makoti yao.

"Jamani, ni viti!" Gitau alisema. "Nimetukana nani?"

Jumatano waliitisha kikao. Melchior, ambaye Milcah hakuwahi kumwona bila utani, alikaa wima na kuomba ibada ya Kifaransa, peke yake, saa yake yenyewe. Akaeleza kwa kifupi. Wakati wa vita, askari waliovuka mpaka na kushika mitaa yao walisema Kiingereza kati yao, na Kiswahili cha moja kwa moja, kilichonyooka, wakati wa kuamuru. Kila nyumba itoe mwanamume mmoja. Majina yatasomwa asubuhi. Nani mwingine angewaandikisha vijana wa Bukavu kwa Kiingereza?

"Pole sana," Gitau alisema. "Lakini Melchior, ndugu yangu, mimi ni mtu wa Nyeri. Kenya haikupigana vita hivyo. Unaniandikia dhambi ya mwingine."

"Mi najua. Lakini ukisema Kiingereza, yule mama anasikia nini? Hasikii Nyeri."

"Kwa hiyo ninyamaze? Na nyinyi na Kifaransa chenu, mnavyotuteta mbele yetu mkidhani hatuelewi?"

Kikao kiliishia hapo, kwa sauti zilizopanda na makoti yaliyovaliwa upesi. Ndipo watu walipomgeukia Milcah. Yeye ni mtu wa lugha, walisema. Yeye ndiye mtu wa kwenda Rågsved.

Alikwenda Alhamisi mchana. Xavérine alimpokea kwa adabu, akamwekea chai na mandazi yaliyokuwa bado ya moto, akamwomba radhi kwa ajili ya sofa. Alifanya usafi katika shule, alikuwa amerudi sasa hivi, mikono yake ilinuka sabuni. Aurore alikuwa mezani na vitabu vyake.

"Mama Rita, mi sina neno na Gitau," Xavérine alisema. "Najua ni mutu muzuri. Ni mwili njo ulitoka pale. Mi nilibaki kwa kiti."

Akasimulia bila kuhimizwa. Mwaka 1999, mwezi wa tatu. Bwana yake, Évariste, alikuwa fundi wa redio. Nyumba ilikuwa na wanaume wawili: yeye na mdogo wake wa miaka kumi na mitano. Sajenti alisimama mlangoni na orodha. Évariste akavaa viatu, akasema mimi ndiye wa nyumba hii. Walimpeleka mlimani. Huko alibeba masanduku na kutengeneza redio zao, usiku akifungwa kamba mguuni pamoja na wenzake. Miezi minane. Alipotoroka, nyumba ilikuwa imeungua na Xavérine alikuwa ameshavuka ziwa na mimba ya Aurore. Kila mmoja alidhani mwenzake amekufa, mpaka 2007, mchungaji mmoja aliposoma majina ya waliopotezana kwenye mkutano wa injili.

"Ameona mutoto yake ku picha tu," Xavérine alisema. "Tuliomba aje. Bakakataa. Banasema alikuwa askari. Mi nimewaza sana nani aliwaambia uongo ule. Nimemuomba Aurore asome karatasi, anakataa."

"Det står att pappa var soldat," Aurore alisema bila kuinua macho. Imeandikwa kwamba baba alikuwa askari. "Nilishakuambia, Mama." Hilo nalo alilisema kwa Kiswidi.

"Nipe nisome," Milcah alisema.

Xavérine alileta bahasha kutoka chumbani. Juu kulikuwa na uamuzi, chini yake kumbukumbu za mahojiano, kurasa sita. Februari 2008. Mhojiwa yuko ofisini. Mkalimani yuko kwenye simu. Milcah alisoma kwa kasi ya kazi, kama alivyozoea, na kwenye ukurasa wa tatu kasi hiyo ikakatika. Askari waliomba kila nyumba ichangie mtu mmoja. Mume akaenda. Maken tjänstgjorde hos soldaterna i åtta månader. Mume alitumikia jeshi kwa askari hao miezi minane. Hakubeba silaha, alishughulikia redio za mawasiliano. Malipo yake yalikuwa chakula.

"Mama Aurore," alisema, "hapa walikuuliza alifanya nini kule. Wewe ulijibu vipi? Nipe maneno yenyewe."

"Nilisema, alitumika kwa bale askari miezi minane."

"Alitumika."

"Ndiyo. Alitumika. Kazi ya punda. Mi natumika ku shule, wewe unatumika ku simu. Bwana yangu alitumika kwa askari." Alimtazama Milcah kwa wasiwasi. "Nilikosea?"

Milcah aligeuza mpaka ukurasa wa sita. Pale ilikuwa imeandikwa kwamba kumbukumbu zilisomwa kwa mhojiwa kupitia mkalimani, na mhojiwa amekubali kuwa ni sahihi. Alijua jinsi ilivyokuwa. Ofisa alisoma kwa Kiswidi, tjänstgjorde, na sauti ya kwenye simu ikarudisha kwa Kiswahili: alitumika. Neno lilikuwa limetoka kwa mwanamke huyu, likazunguka kupitia Kiswidi, likamrudia likiwa na sura ileile. Angelikataaje? Aliitikia kwa kichwa. Akatia sahihi.

Chini ya sahihi kulikuwa na namba ya mkalimani. Tarakimu nne, zake mwenyewe.

Aliinywa chai yote, kwa sababu kikombe kilikuwa kitu cha kushika. Akasema ataangalia la kufanya. Kwenye treni alisimama ingawa viti vilikuwa vitupu. Alijaribu kuikumbuka siku ile na hakupata kitu: wala sauti, wala baridi, wala alipika nini baadaye. Maisha ya mtu yalipita kinywani mwake na hayakuacha hata ladha. Kama angemsikia Melchior anasema neno lile angecheka na kulisahihisha. Kwa simu, kando ya neno askari, sikio lake la shule lilichagua maana ya shule, maana ya utumishi. Na "itoe" akaifanya kuwa kuchangia, kama watu wa kwao wanavyotoa kwenye harambee.

Owen alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alichohofia kwamba angesema.

"Una kiapo, Milcah. Huwezi kufungua mdomo. Watakufutia namba."

"Kiapo ni cha kutunza siri za watu, si makosa yangu."

"Na watu wa kanisa je? Wakongo wanatafuta sababu moja tu. Ukisema, hutakuwa Milcah uliyekosea neno. Utakuwa Mkenya aliyewauza." Akasogeza kiti chake karibu. "Karibu miaka mitatu imepita. Utamrudishia nini yule mama?"

Siku nne alibeba jambo hilo. Jumapili iliyofuata Wakongo waliabudu chumba cha pili, wakiimba kwa Kifaransa, na Gitau, mwenye uchungu wake mwenyewe, aliongoza ibada yote kwa Kiingereza. Nyimbo zilipita ukutani zikagongana. Watanzania wachache walibaki kwenye korido wasijue waingie wapi. Milcah alikaa katikati ya Kiingereza hicho na kwa mara ya kwanza akasikiliza jinsi kinavyosikika kutoka upande wa pili wa ukuta.

Jumatatu aliandika kwa wakala na kwa ofisi ya uhamiaji, akataja kosa lake na namba yake. Jioni ya siku hiyo alikwenda Rågsved.

Alisema akiwa amesimama, bado na koti. Xavérine alisikiliza huku akikunja nguo zilizotoka kukauka. Hakuacha kukunja. Aliikunja sketi ya Aurore, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kumbe ulikuwa wewe," alisema mwishoni. "Sauti ile. Nilikuwa naipenda. Nilisema moyoni, Mungu amenipa mutu ya kusema vizuri."

"Nisamehe, Mama Aurore."

"Évariste anajua karatasi inasema nini. Balimtafsiria ku Bujumbura. Aliniuliza, juu ya nini uliwaambia nilikuwa mutu yao? Nikamwambia sikusema. Akasema, sahihi yako iko chini." Sasa aliacha kukunja. "Toka siku ile ananisalimia tu. Anauliza mutoto amekula, basi."

"Nimeshaandika kila mahali. Tunaweza kuomba upya. Lakini lazima naye aandike maelezo mapya na atie sahihi, ahojiwe tena."

"Hatakubali mi nikimwambia. Utamwambia wewe."

"Papa Melchior angeweza kumweleza kwa Kifaransa, labda ingekuwa..."

"Hapana," Xavérine alisema. "Mdomo uliomfanya askari, ule ule umtoe mule. Wewe."

Ofisi ilijibu mwezi wa kwanza, kwa ustaarabu. Uamuzi wa zamani ulikuwa wa mwisho kisheria. Ombi jipya lingepokelewa. Hata hivyo, maelezo yanayobadilika yangepimwa kwa uangalifu, na maelezo ya mume yangekuwa na uzito wa pekee. Fomu ziliambatishwa. Kila kitu sasa kilisimama juu ya mtu mmoja aliye Bujumbura, na juu ya simu moja.

Walipiga Jumamosi mchana, Februari. Aurore alipelekwa kwa jirani. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, na Xavérine alisema kwanza.

"Papa Aurore, iko mutu hapa. Ana neno ya kukuambia. Musikilize mpaka mwisho, nakuomba."

"Sawa," sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya taratibu, ya mtu anayehesabu pumzi.

Milcah alikuwa amejiandaa siku tatu. Alitaka asibaki na neno hata moja lenye maana mbili. Kwa hiyo alisema kwa Kiswahili chake bora kuliko vyote alivyowahi kusema: alinyoosha kila sentensi, akatamka kila silabi, akaeleza kosa lilikuwa wapi, nani alilifanya, na nini kinahitajika. Jina lako litasomwa tena, alisema, safari hii kwa ukweli. Kwenye sentensi ya mwisho neno la Kiswahili likamkimbia, akasema kwa Kiingereza kwamba lilikuwa kosa, kosa tu. Hakujua kwamba amebadilisha lugha mpaka alipoona uso wa Xavérine.

Upande wa pili kitu kiliwekwa chini.

"Rudia," Évariste alisema.

"Nilisema kwamba jina lako..."

"Wewe ni ya wapi?"

"Mimi ni Mkenya, bwana. Kutoka Kitale. Sihusiki na..."

"Hapana." Hakupandisha sauti. "Ile Kiswahili mi naijua. Ile njo ilikuwa inasoma majina asubuhi. Na nyuma yake, Kiingereza."

"Évariste, ni dada ya kanisa!" Xavérine aliinamia simu. "Anataka kutusaidia!"

"Balikuja mpaka kule? Iko ndani ya nyumba yako, ananiambia nitie sahihi?" Alipumua. "Xavérine. Mi nilisema hapana miezi minane. Kila asubuhi, moyoni, hapana. Sasa sina hapana ingine."

Simu ikakatika. Xavérine alipiga tena, ikaita mpaka mwisho. Akapiga tena. Milcah alikaa mikono mapajani na kutazama kidole kile kikibonyeza, kikibonyeza. Hakuna aliyemwambia aondoke. Alijiondokea.

Machi namba ile haikupatikana tena. Mchungaji mmoja wa Bujumbura alikwenda kwenye chumba alichopanga Évariste, akakuta fundi viatu ameingia. Wengine walisema amerudi Bukavu, wengine walisema Kigoma. Fomu zilikaa juu ya friji Rågsved mpaka siku ya mwisho ya kuzirudisha ikapita, mahali pa sahihi pakiwa peupe.

Hakuna aliyemfutia Milcah namba. Wakala alimwandikia barua ya onyo, kisha akaendelea kumpigia, na yeye akawa haiinui tena simu. Mwishowe akachomoa waya wake ukutani. Alipata kazi katika nyumba ya wazee, kwenye zamu ya mchana, kuosha na kulisha watu ambao wengi wao hawakusema lugha yoyote tena. Kanisa likawa mawili na ukumbi ukabaki na ratiba mbili mlangoni, ya Kifaransa saa nne, ya Kiingereza saa saba. Viti vilibebwa na aliyekuwepo. Melchior na Gitau wakikutana kwenye ngazi husalimiana kwa kupungiana mkono, kama watu walio ng'ambo ya barabara pana.

Mwezi wa tano Milcah alimkuta Xavérine dukani Farsta, mbele ya rafu za unga. Hakukuwa na pa kujificha. Milcah alifungua kinywa kumwuliza habari, kwa Kiswahili, kwa sababu kati yao hapakuwahi kuwa na lugha nyingine.

"Hej," Xavérine alimsalimia kabla yake.

Kiswidi chake kilikuwa kibaya, cha mwanafunzi wa darasa la jioni, na alikisema polepole ili kisikosewe. Alisema Aurore hajambo. Alisema hali ya hewa ni nzuri. Kisha akashika vizuri kikapu chake na kusema maneno matatu ambayo mtoto yeyote wa nchi hii angeyaelewa.

"Han kommer inte."

Haji.

"Nej," Milcah alijibu, naye kwa Kiswidi: hapana.